Gemu ya pikipiki na rungu: naitaka ifanye kazi kabla binamu yangu hajafika

MtotoWaChangombe:

Mbukwenyi wakuu.

Naomba msaada wa gemu moja ya zamani, na mnivumilie nitaandika kwa urefu. Gemu yenyewe ni Road Rash, ile ya kompyuta, mashindano ya pikipiki ambapo mnapigana huku mnakimbia.

Mwaka 2002 mjomba wangu alikuwa na steshenari jirani na Jamatini. Chumba kimoja, mlango wa bati, mashine ya fotokopi iliyokuwa inapata moto mpaka tunaizima mchana ipumzike, na kompyuta moja ya mezani yenye Windows 98. Kompyuta ilifunikwa khanga muda wote isipotumika, kwa sababu ya vumbi. Aliyeishi Dodoma ya miaka ile, kabla haijaitwa jiji, anajua upepo wa Agosti: umefuta meza saa nne, saa tano unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Kazi ya kompyuta ilikuwa kuchapa barua za maombi ya kazi, risala na kadi za harusi. Ikifika saa kumi na moja jioni wateja wamekwisha, mjomba anavuta droo ya chini, anatoa CD, anaiweka mezani bila kusema neno. Tulijua maana yake: fagieni kwanza. Tukishafagia mimi na mwanawe tunapewa nusu saa.

Kiti kilikuwa kimoja. Tulikikalia wote wawili, kila mmoja nusu. Mimi nilishika usukani na mafuta, binamu alishika upande mwingine wa kibodi, ngumi na teke. Pikipiki moja, watoto wawili. Tumecheza hivyo miaka miwili, na sijawahi kuicheza peke yangu hata siku moja.

Wanaoijua watanielewa. Jamaa anakuja ubavuni kashika rungu. Huwezi kulichukua wakati wowote unaotaka. Lazima usubiri anyanyue mkono kurudi nyuma, na hapo hapo ngumi iende. Ukiwahi hupati kitu. Ukichelewa limeshatua kichwani kwako. Ukipatia, rungu linatoka mkononi mwake linaingia mkononi mwako, na sasa yeye ndiye anayekimbia. Lakini binamu asingeweza kupatia kama mimi sijamweka kwenye umbali wake. Kwa hiyo nilikuwa namsogelea yule jamaa polepole mpaka magurudumu yanakaa sambamba, macho yangu yako mbele kuangalia gari linalokuja, nahesabu kwa sauti: bado, bado, bado, sasa! Na kila akipiga, goti lake linagonga goti langu. Nikifumba macho leo nalisikia lile goti.

Binamu sasa ni dereva wa semi-trela, anapeleka mizigo Kigali. Anapita Dodoma usiku, anapiga honi mara mbili akifika Kizota, basi. Tangu msiba wa bibi mwaka 2019 hatujakaa pamoja hata saa moja. Tarehe 28 mwezi huu gari lake linaingia matengenezo hapa mjini na atalala kwangu siku mbili. Nataka akiingia ndani akute ile gemu iko kwenye kioo.

Nilipo sasa ni hivi. Mjomba alipofunga duka, vitu vyake vilikuja kuwekwa stoo kwetu Chang'ombe. Wiki iliyopita nimefungua boksi la karatasi za kaboni na CD ilikuwa humo. Ina mikwaruzo. Laptopu yangu ni Windows 10 na haina mahali pa CD, nikaazima kisomeo cha nje cha USB. CD inafunguka, mafaili nayaona, lakini nikibofya lile la kusakinisha napewa ujumbe kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Nifanye nini?

La pili. Kwenye simu binamu anasema kioo kilikuwa kinakatwa katikati, kila mtu na pikipiki yake, mmoja juu mmoja chini. Mimi nasema haijawahi kuwa hivyo. Tumebishana mpaka salio lake likaisha. Nani yuko sahihi?

La tatu ndilo linaloniumiza kidogo. Nina kijana wa miaka kumi, na nilitaka naye acheze. Mama yangu mzazi amenikataza. Mama ndiye aliyemuuguza kaka yangu miezi mitatu alipovunjika mguu kwa ajali ya pikipiki. Alimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Alivyoniona nimemwonyesha mtoto picha ya gemu hii akaniambia, "Hicho ndicho unachomfundisha?" Sikumjibu. Sitaki kumjibu mama yangu bila kuwa na jambo la maana la kusema. Ninyi mngefanyaje?

FundiIlazo:

Mkuu, usiitupe CD na usiende kumlipa mtu. Hapo hakuna ugonjwa mkubwa.

Kinachogoma ni kisakinishi, gemu yenyewe ni nzima. CD nyingi za katikati ya miaka ya tisini zilikuja na kisakinishi cha biti 16, na Windows ya biti 64, ambayo bila shaka ndiyo uliyonayo, haiendeshi kabisa programu hizo za zamani za biti 16. Gemu yenyewe ilitengenezwa kwa Windows 95, ni ya biti 32, hiyo bado inakubalika. Kwa hiyo kiruke kisakinishi. Tengeneza folda kwenye diski ya laptopu, nakili kila kitu kilichomo kwenye CD ukiweke humo. Kisha lifuate faili la gemu lenyewe, lile la kuiendesha, libofye kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye sifa zake, tafuta sehemu ya upatanifu. Chagua Windows 95. Chini yake kuna mahali pa kupunguza rangi: weka biti 8, yaani rangi 256. Weka tiki pia pale pa kioo cha 640 kwa 480. Halafu fungua.

Hilo la rangi usilipuuze. Gemu za zamani zilikuwa na sanduku la rangi 256 tu, na gemu inajiona kuwa ndiyo mwenye sanduku hilo. Kompyuta ya leo ina mamilioni ya rangi na haigawi sanduku. Usipoiambia ijifanye ya zamani utaona nyasi za zambarau na lami ya kijani.

Kuhusu mikwaruzo: futa kwa kitambaa laini kuanzia tundu la katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe. Data imeandikwa kwa kuzunguka, kwa hiyo mkwaruzo unaozunguka unaweza kufuta mstari mzima, lakini unaokatiza unagusa kidogo tu na kisomeo kina uwezo wa kurekebisha hicho kidogo. Kunakili kukikwama faili moja, acha kisomeo kipoe, jaribu tena. Ikigoma kabisa, sakinisha programu ya kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu yako, uweke Windows 98 ndani yake kama ile ya mjomba. Ni kazi ndefu zaidi lakini humo hata kisakinishi kitafanya kazi.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niache soldering nikae kuandika. Umesema mlikuwa wawili kwenye kibodi moja. Kwenye laptopu hiyo itakusumbua. Vitufe vya kibodi havina waya mmoja mmoja, vimeunganishwa kwa mistari ya mlalo na ya wima kama wavu. Vikibonyezwa vitatu vinne kwa pamoja na vikakutana kwenye mistari ileile, kibodi inashindwa kujua kipi ni kipi, na kimoja kinaachwa. Wewe utakuwa umeshika mafuta na kitufe cha kulia, binamu anapiga, na ngumi haitoki. Mtadhani mmezeeka, kumbe ni wavu.

Dawa yake: nunua kibodi mbili za USB za kawaida, zile za bei ya chini, chomeka zote. Windows inazisikiliza zote kama kibodi moja. Kila mmoja aweke ya kwake mapajani, wewe ya kwako haina kazi nyingine ila usukani, yeye ya kwake haina kazi nyingine ila ngumi. Mawimbi yanafika kila moja kwa njia yake, hakuna kinachoachwa. Nimeifanya kwa vijana wa UDOM waliokuwa wanacheza gemu ya mpira wawili kwenye laptopu moja, ilikubali siku ileile.

MtotoWaChangombe:

Fundi, Mungu akuzidishie. Nimenakili. Faili moja lilikwama, nikafuta CD kama ulivyosema, katikati kwenda nje, mara ya tatu likapita. Mara ya kwanza kufungua ilikuwa kweli kama ulivyosema, mbingu ya waridi na barabara ya kijani. Nikarudi nikaweka rangi 256. Ikafunguka.

Nilisimama. Lile gitaa la mwanzoni lilipopiga nilisimama kabisa. Mke wangu akatoka jikoni kuniuliza kuna nini.

Sijaicheza. Nimefungua, nimeona majina ya barabara tano, nikafunga. The City, The Peninsula, Pacific Highway, Sierra Nevada, Napa Valley. Tulikuwa tunayasoma kwa Kiswahili, hii ya mwisho tuliita "Napa Vale", tukadhani ni jina la mtu. Nitaicheza tarehe 28.

KijanaMakole:

Braza kwa nini usichukue Road Redemption? Ya 2017, imetengenezwa kwa mtindo uleule, picha kali, na inakubali watu kadhaa kwenye kioo kimoja. Haina shida ya rangi wala nini.

MtotoWaChangombe:

Ahsante mdogo wangu, nimeiangalia na ni nzuri. Ila mimi nataka hiyohiyo aliyoitoa mjomba kwenye droo.

BintiHombolo:

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Nimesoma swali la pili nikacheka kwa furaha, kwa sababu wote wawili mko sahihi. Mnakumbuka gemu mbili.

Road Rash ya kwanza ilitoka 1991 kwenye Sega Mega Drive, mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV, kutoka kampuni ya Electronic Arts, wakati ule ofisi zao zikiwa San Mateo, California. Silaha ilikuwa rungu tu. Ya pili ilikuja 1992, ikaongeza mnyororo, ikatoka California ikaenda Alaska, Arizona, Hawaii, Tennessee na Vermont. Na hiyo ya pili ndiyo iliyoleta kioo kilichokatwa katikati, wachezaji wawili kwa wakati mmoja. Kwenye ya kwanza mlikuwa mnapokezana zamu. Kwa hiyo binamu yako, kabla au baada ya steshenari, aliwahi kukaa mahali penye Sega. Mwulize. Majirani zetu walikuwa na moja ya Kichina, kasha jeusi, na kaseti yake ilikuwa ya gemu nyingi kwa pamoja. Hapo ndipo mimi nilipoijua. Kaka zangu walinipa pedi ya kuchezea pale tu mmoja wao alipokwenda chooni, na nilijifunza haraka kwa sababu nilijua nina dakika mbili.

Kuna ya tatu, ya 1995, pia ya Mega Drive. Hiyo ilizunguka dunia: Brazil, Uingereza, Ujerumani, Italia, Japani, Australia, na Kenya. Ndiyo, Kenya. Nilipoliona jina lile kwenye orodha sikuamini. Nilikuwa nimeshazoea kwamba kwenye gemu sisi hatupo, halafu ghafla kuna barabara ya jirani hapo. Niliicheza Kenya peke yake wiki nzima.

Yako ya steshenari ni nasaba nyingine. Ilianza 1994 kwenye mashine iliyoitwa 3DO, ikahamia PlayStation na Sega Saturn, na ya Windows ikatoka 1996. Ndiyo yenye video za watu halisi ukishinda au ukikamatwa na trafiki, na ndiyo yenye muziki wa bendi za kweli kama Soundgarden na Monster Magnet. Lile gitaa lililokusimamisha ndilo hilo. Sega ya awali haikuwa na uwezo wa kubeba nyimbo za namna ile, muziki wake ulitengenezwa na chipu ya ndani.

Lakini jambo la hizi za zamani linalonishika mpaka leo ni barabara yenyewe. Mega Drive haikuwa na uwezo wa kukuza picha kwa mashine yake. Ule mti unaouona kwa mbali, ukisogea unakuwa mkubwa, ni picha kadhaa za mti uleule katika ukubwa tofauti, zinabadilishwa upesi jicho lisione. Barabara inachorwa mstari kwa mstari, kila mstari wa kioo unasogezwa kidogo kushoto au kulia, ndipo kona inatokea. Kilima nacho ni hivyohivyo, mistari inabanwa au inaachanishwa. Na kilima ndicho kilichokuwa uhai wa gemu ile. Unapanda huoni mbele, unafika kileleni pikipiki inaruka, na upande wa pili kuna gari. Walikuwa na mashine ndogo sana, wakaitumia kukufanya ushike pumzi.

Sasa Napa. Si jina la mtu. Ni bonde la zabibu, kaskazini mwa San Francisco, maarufu duniani kwa mvinyo. Mimi nimezaliwa Hombolo, baba yangu ana ekari mbili za zabibu, tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi halafu Agosti na Septemba. Siku nilipojua Napa ni nini nilimpigia baba simu. Nikamwambia, baba, kuna watu huko Marekani walitengeneza mashindano ya pikipiki wakayapitisha kwenye bonde la wakulima wa zabibu. Akaniuliza swali moja tu: "Wanavuna mara ngapi?" Nikamwambia mara moja kwa mwaka. Alikaa kimya, halafu akasema, "Basi tunawazidi."

Kwa hiyo tarehe 28 mkianza, anzeni na Napa. Watoto wawili wa Dodoma walikuwa wanapita kwenye mashamba ya zabibu bila kujua.

MtotoWaChangombe:

Dada, nimesoma hii mara nne. Nimemtumia binamu. Amejibu, "Sega ilikuwa kwa kina Daudi, nyuma ya msikiti." Kumbe kweli. Na alikuwa anaenda bila mimi.

Nisaidie na jambo moja. Ukimwangusha mpinzani, anatoka kwenye mbio? Mimi nakumbuka anapotea kabisa.

BintiHombolo:

Hapotei. Anaamka, anaikimbilia pikipiki yake kama unavyofanya wewe ukianguka, anapanda anaendelea. Ukizubaa atakufikia, na atakuwa na neno na wewe. Kinachokutoa wewe ni pikipiki kuharibika kabisa au trafiki kukukuta umedondoka, na vyote viwili vinakula hela zako. Hela ikiisha, safari imeisha.

BodaNkuhungu:

Habari wakuu. Naendesha bodaboda mwaka wa tisa, kijiwe chetu kiko Nkuhungu. Nilikuwa nasoma kimya, sasa swali la tatu halijajibiwa na mtu, naomba nilijibu mimi.

Mama yako ana haki. Mtu aliyemgeuza mwanawe kitandani miezi mitatu haongei hewani. Mimi nimewahi kudondoka mara moja, barabara ya Kondoa, ilikuwa jioni jua liko usoni. Nilikuwa nimechomekea kati ya Fuso na basi dogo, na Fuso likasogea. Niliamka mwenyewe, lakini abiria wangu hakuamka mwenyewe, alinyanyuliwa. Amepona, anatembea, huwa ananipungia mkono. Ila zile dakika ambazo hakuwa ananijibu, nimezihifadhi hapa kifuani.

Kwenye gemu yule jamaa anaamka anakimbilia pikipiki. Dada hapo juu ameeleza vizuri. Hapo ndipo mahali pa kusimama na mtoto. Usimfiche gemu, ataiona kwa wenzake. Kaa naye. Jamaa akidondoka akaamka, mwambie papo hapo, "Baba yako mkubwa hakuamka hivyo." Na kama kaka yako yuko radhi, mwite akae hapo hapo mtoto aone kovu.

Mimi gemu hiyo niliicheza kwa saa, kwenye kibanda cha PlayStation hapa Majengo. Kuna kitu ilinipa kabla sijawahi kugusa pikipiki ya kweli: kuangalia mbali. Mtu anayejifunza boda anaangalia tairi la mbele. Anaangalia shimo lililo chini yake. Gemu ile ukiangalia pikipiki yako unakufa, lazima macho yawe kule barabara inakopotelea. Nilipopewa pikipiki ya kwanza nilikuwa na jicho hilo tayari. Ila ilinipa na ugonjwa mmoja, nao ni kudhani kwamba nafasi kati ya magari mawili ni ya kwangu. Kuuondoa huo kulinichukua mpaka siku ile ya Fuso.

Na jingine. Wengi tulioicheza, kitufe cha breki hatukukijua kilipo. Kama mtoto atacheza, mfundishe breki kwanza. Kuna kona za Sierra Nevada hazipitiki bila breki, na trafiki naye ukifunga breki ghafla anakupita mbele.

Mwambie mama nimemsalimia, mwambie ni mtu wa boda.

MtotoWaChangombe:

Kaka, nimemsomea mama ujumbe wako wote, sikuruka neno. Nilipofika pale pa abiria hakuamka mwenyewe, aliweka kikombe chini. Akaniuliza, "Huyo kijana ana mke?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mwambie avae kofia hata akienda dukani." Halafu akainuka akaenda kulala. Hajanikataza tena, hajaniruhusu pia. Naona amelikabidhi kwangu.

MtotoWaChangombe:

Wakuu, leo ni tarehe 29, narudi kwenu kama nilivyoahidi.

Binamu amefika jana saa moja usiku, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Amekula ugali na mlenda, amemsalimia mama, ndipo akaona laptopu mezani imefunikwa khanga. Hilo la khanga nililifanya makusudi. Hakusema kitu. Akanyanyua ile khanga kwa ncha mbili, akaikunja mara nne, akaiweka begani. Mjomba alikuwa anafanya hivyohivyo.

Kibodi mbili nilinunua Sabasaba, elfu kumi na tano zote mbili. Tulikaa kitandani, sio kwenye viti, kila mmoja na yake mapajani. Tukachagua Napa, nikamweleza habari ya zabibu. Akasema siku hizi akipita njia ya Hombolo msimu wa mavuno huwa ananunua ndoo.

Mbio ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimesahau uzito wa pikipiki, inachelewa kukata kona, halafu inakata zaidi. Tuligonga gari mara tatu. Ya pili tulitulia. Alikuja mmoja kulia kwetu na rungu. Nikaondoa mafuta kidogo, nikamwacha asogee, magurudumu yakakaa sawa. Nikafungua mdomo kuhesabu, na kabla sijatoa sauti nikasikia nyuma yetu, "Bado. Bado. Bado." Ni mwanangu. Nilikuwa nimemsimulia mara moja tu, wiki mbili zilizopita. Alisimama nyuma ya kitanda, mkono mmoja bega la kwangu, mwingine la binamu. "Sasa!"

Rungu lilikuja kwetu. Goti la binamu lilinigonga palepale.

Tulimaliza wa nne, na wa nne hafuzu. Tukarudia. Tukawa wa pili. Kaka yangu naye alikuja saa tatu, akakaa kwenye kiti na mguu wake ameunyoosha, na kila mtu akidondoka kwenye gemu mwanangu anageuka kumwangalia yeye. Kaka akavuta suruali juu akamwonyesha zile pini zilipoingia. Mtoto akaweka kidole. Halafu akarudi kwenye kioo.

Leo asubuhi kijana kaniamsha saa kumi na mbili. Anataka naye awe na cha kushika kabla baba mdogo hajaondoka, na binamu amekataa kuachia ngumi, nami usukani siachi. Fundi, Windows inakubali kibodi ya tatu?

FundiIlazo:

Inakubali. Mpe breki.